Dk Livingstone aliukwepa upasuaji kwa kuona haya. Wewe mwenye ngiri unasubiri nini?

Mwanaume wa hapa Tunduru anayesumbuliwa na ngiri akiingia kwenye chumba cha daktari, huanza kwa kuniambia kichwa kinamuuma. Nikimpima presha na malaria na kumkuta yuko salama, anahamia mgongoni. Kutoka mgongoni anashuka tumboni. Wengine huaga kabisa, wakafika mlangoni, wakarudi, ndipo wanasema kuna kitu kinatokeza kinenani wakikohoa au wakinyanyua mzigo. Nikiuliza kimeanza lini, najibiwa miaka sita, minane, hata kumi.

Siwalaumu. Mimi ni mwanamke, na wengi wao ni wazee walionizidi umri. Kwa malezi yetu, mzee hamwonyeshi mtu anayelingana na binti yake sehemu hiyo ya mwili. Lakini aibu hii haikuanzia Tunduru, na wala si ya wasiosoma peke yao. Wiki hii nataka nikusimulie maisha ya mtu ambaye jina lake ulilisikia ukiwa darasani. Alikuwa daktari yeye mwenyewe. Aliitwa apasuliwe na mmoja wa mabingwa wakubwa wa upasuaji wa zama zake, naye akakataa, kwa sababu hakutaka watu wajue anaumwa wapi.

Mtu huyo ni David Livingstone. Yeye hakuwa na ngiri, alikuwa na bawasiri. Lakini magonjwa haya mawili ni majirani. Yote hukaa mahali panapofunikwa na nguo, yote huongezeka kwa kujikamua chooni, na yote hufichwa na wenye nayo mpaka yanapojitangaza yenyewe.

Mtoto wa kiwandani aliyekuwa daktari

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, katika mji mdogo wa Blantyre huko Uskoti. Familia yao ilikuwa maskini, wote wakiishi katika chumba kimoja kwenye nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akiwa na umri wa miaka 10 tu aliingizwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika. Alianza kazi saa 12 asubuhi na kutoka saa 2 usiku, kisha akaenda shule ya jioni. Akiwa kazini aliweka kitabu juu ya mashine na kusoma mistari michache kila alipopita.

Mwaka 1836 alianza masomo ya udaktari katika mji wa Glasgow, na mwaka 1840 akapata leseni ya kutibu na kupasua. Alikuwa pia amejiunga na wamisionari, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini.

Tangu hapo mwili wake ulianza kulipa gharama za safari. Mwaka 1844, mahali panapoitwa Mabotsa, simba alimrukia na kuuponda mfupa wa mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko. Mfupa haukuunga vizuri, na maisha yake yote yaliyobaki mkono huo ulikuwa dhaifu. Uweke akilini mkono huo, tutaurudia.

Kati ya mwaka 1854 na 1856 alivuka bara la Afrika kutoka Luanda, pwani ya magharibi, mpaka Quelimane, pwani ya mashariki. Aliugua homa mara nyingi kiasi cha kutengeneza vidonge vyake mwenyewe vyenye kwinini, ambavyo aliwapa pia wenzake wa safari. Kwa maneno mengine, huyu hakuwa mtu wa kudharau dawa. Wengine walipougua, alijua la kufanya na alilifanya bila kuchelewa.

Kuanzia mwaka 1858 aliongoza msafara wa serikali ya Uingereza katika Mto Zambezi. Mwaka 1861 na 1862 alijaribu pia kupanda na vyombo vya maji kwenye Mto Ruvuma, huu huu unaotutenganisha sisi watu wa Tunduru na ndugu zetu wa Msumbiji. Maji yalikuwa machache na mawe yalikuwa mengi, akarudi. Aprili 1862 mke wake, Mary, alifariki kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi.

Siku aliyopewa nafasi ya kuchagua

Mwaka 1864 Livingstone alirudi Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 51, na bawasiri ilikuwa inamtoa damu. Huko Edinburgh alionwa na Profesa James Syme, mwalimu wa upasuaji aliyeheshimika kuliko karibu wote wa wakati huo. Syme alimshauri afanyiwe upasuaji.

Hebu jiweke mahali pake. Uko nyumbani. Una daktari bingwa. Una kitanda safi na watu wa kukuuguza. Huna safari ya kesho asubuhi. Na kwa kuwa nawe ni daktari, unajua kuwa damu inayotoka kidogo kidogo kila siku humaliza mtu kama maji yanavyomaliza mtungi wenye ufa.

Livingstone alikataa. Sababu iliyoelezwa na walioandika maisha yake ni kwamba alikuwa mtu maarufu mno, na aliona habari za kupasuliwa kwake zingefika magazetini. Hakutaka watu wazungumzie udhaifu wa mwili wake, na hasa wa sehemu ile.

Kwa kumtendea haki, lazima niseme kwamba upasuaji wa mwaka 1864 haukuwa huu wa leo. Dawa ya usingizi ilikuwepo, kwani klorofomu ilianza kutumika Edinburgh hapo hapo mwaka 1847. Lakini madaktari walikuwa hawajajua kuzuia vidonda kuoza. Joseph Lister, mkwe wa Profesa Syme, alichapisha njia yake ya kuua vijidudu vya kidonda mwaka 1867, miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo mgonjwa wa mwaka 1864 aliyeogopa kisu alikuwa na hoja. Isipokuwa hoja ya Livingstone haikuwa kuoza kwa kidonda. Ilikuwa haya.

Akapita jirani na kwetu

Januari 1866 alifika Zanzibar, na Machi mwaka huo akateremka pwani ya kusini na kuanza safari kutoka Mikindani. Safari hii alifuata bonde la Ruvuma kwa miguu, akipita nchi ya Wamakonde na kuingia nchi ya Wayao, mpaka kwa Mataka kule Mwembe, ng'ambo ya pili ya mto, na kisha Ziwa Nyasa. Mmoja wa waliofuatana naye alikuwa kijana wa Kiyao aitwaye Chuma, aliyekombolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Mwingine alikuwa Susi, mtu wa Shupanga. Majina haya mawili nayo usiyasahau.

Januari 1867, wakiwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mizigo. Ndani ya mzigo mmoja kulikuwa na sanduku la dawa. Livingstone alihesabu jambo hilo kama hukumu ya kifo. Kuanzia hapo, daktari huyu alitembea porini kwa miaka bila dawa za kutosha, na bawasiri yake aliyoiacha bila kutibiwa ikitembea naye.

Mwaka 1869 aliugua mapafu vibaya, akabebwa. Mwaka 1870, huko Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, vidonda vya miguu vilimweka ndani ya kibanda kwa wiki nyingi. Alipofika Ujiji mwaka 1871 alikuwa amekonda na hana kitu, na hapo ndipo mwandishi wa habari Henry Stanley alipomkuta. Stanley alimletea dawa na chakula, akamsihi warudi wote Uingereza akatibiwe na kupumzika. Hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Livingstone alikataa tena, safari hii kwa sababu alitaka kwanza amalize kazi ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Waliagana Machi 1872 karibu na Tabora.

Msomaji, mara ngapi umesema utakwenda hospitali ukishavuna? Ukishapeleka korosho ghalani? Mtoto akishamaliza kidato cha nne? Kazi haimaliziki. Inamalizika afya.

Damu aliyoibatiza jina zuri

Safari ya mwisho ilianza Agosti 1872. Ilimpeleka kwenye vinamasi vya Ziwa Bangweulu wakati wa masika, maji yakifika kifuani. Damu ilikuwa ikimtoka kwa wingi. Katika shajara yake aliandika jambo ambalo sisi madaktari tunalisikia kwa wagonjwa kila wiki, tofauti ni maneno tu. Alijifariji kwamba damu ile inayotoka ina faida, kwamba inapunguza kitu mwilini na kumkinga na homa.

Hivi ndivyo mtu anavyofanya akishaamua kutotibiwa. Anaupa ugonjwa jina zuri. Mwenye ngiri husema ni gesi imehama. Husema ni mshipa wa ukoo, baba alikuwa nao na alizeeka nao. Mwenye bawasiri husema ni damu chafu inatoka. Msomaji, kwenye mwili hakuna damu chafu inayotafuta njia ya kutoka kupitia haja kubwa. Damu ikitoka huko, kuna mahali pamechanika au pana ugonjwa.

Mwezi Aprili 1873 alikuwa mweupe kwa kupungukiwa damu na hawezi kutembea. Susi, Chuma na wenzao walimtengenezea machela na kumbeba. Walimfikisha kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Mwanzoni mwa Mei 1873, alfajiri, walimkuta amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Wenzake waliupasua mwili ili kuuhifadhi. Aliyefanya kazi hiyo aliitwa Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari huko Zanzibar. Ndani ya tumbo waliona bonge kubwa la damu iliyoganda. Moyo na viungo vya ndani walivizika pale pale chini ya mti. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu kwa miezi kadhaa mpaka Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Ulipofika London, bingwa wa upasuaji Sir William Fergusson aliutambua kwa ule mfupa wa mkono wa kushoto uliopondwa na simba. Alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey Aprili 18, 1874.

Nisikupe picha isiyo sahihi. Livingstone hakuuawa na bawasiri peke yake. Alikuwa na homa za malaria, alikuwa na kuhara damu, alikuwa na njaa na uchovu wa miaka. Lakini mwili unaopambana na hayo yote unahitaji kila tone la damu ulilonalo, na wake ulikuwa ukivuja tangu kabla ya safari hiyo kuanza. Na jambo moja zaidi. Habari ambayo hakutaka ifike magazetini mwaka 1864, leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, daktari wa Tunduru anaiandika gazetini.

Chuma alirudi kusini. Aliongoza msafara wa wamisionari uliowapeleka watumwa waliokombolewa kwenda kuanzisha makazi Masasi mwaka 1876, na akafariki Zanzibar mwaka 1882. Nikipita Masasi huwa namkumbuka. Alibeba kwa mikono yake matokeo ya siri ya mtu mwingine. Kwa sababu siri ya ugonjwa, mwisho wake, hubebwa na watu wa nyumbani.

Ndugu wawili

Nikueleze sasa kuhusu ndugu wawili wa wilaya hii. Nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike.

Mkubwa ni mkulima wa korosho. Alikaa na ngiri kwa miaka mingi, akiifunga kwa kitambaa kiunoni kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Mkewe alijua ni maumivu ya mgongo. Usiku mmoja wa msimu wa kuokota korosho ule uvimbe ulitoka na haukurudi. Ukawa mgumu kama jiwe, akaanza kutapika, tumbo likajaa. Walimleta kwa bodaboda, mkewe akimshikilia kwa nyuma. Alipofunguliwa, kipande cha utumbo kilikuwa kimenyongwa na kuwa cheusi. Kilikatwa, utumbo ukaunganishwa. Alilala wodini siku nyingi, akapoteza msimu mzima, na korosho nyingi ziliharibikia chini ya miti kwa mvua. Alipona. Wapo ambao hawaponi.

Mdogo wake alimwuguza. Wiki chache baadaye alikuja mwenyewe, mchana, amevaa shati safi, na hakuanza na kichwa. Alisema naye ana mshipa kama wa kaka yake, mdogo, na anataka kujua afanye nini.

Nilimweleza kama nitakavyokueleza wewe.

Ngiri ni nini

Ngiri, ambayo hospitalini huitwa henia, ni tundu au sehemu dhaifu kwenye ukuta wa tumbo inayoruhusu utumbo au mafuta ya tumboni kusogea nje na kufanya uvimbe chini ya ngozi. Hutokea zaidi kinenani, lakini pia kitovuni au kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Mara nyingi uvimbe hutokeza ukisimama, ukikohoa au ukinyanyua mzigo, na hurudi ukilala. Tofautisha na busha, ambalo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Busha halitoki tumboni.

Tundu hilo kwa mtu mzima halizibwi na dawa ya kunywa, ya kuchua wala ya kuchanja chale. Linazibwa kwa kushonwa. Njia ya kuushona ukuta huo vizuri ilionyeshwa na Mwitaliano Edoardo Bassini katika miaka ya 1880, na leo madaktari wengi huweka wavu maalumu wa plastiki laini unaoimarisha ukuta. Majirani zetu wa Uganda walifanya utafiti kwa wanaume 302, majibu yakatangazwa mwaka 2016. Nusu yao waliwekewa wavu wa bei kubwa wa kiwandani na nusu wavu uliotokana na kitambaa cha chandarua, uliosafishwa na kuuliwa vijidudu kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Tafadhali, usichukue chandarua cha nyumbani ukaleta hospitali. Ninachotaka ujue ni kwamba upasuaji huu unawezekana, na unafanyika vizuri, katika nchi kama zetu.

Je, kila mwenye ngiri apasuliwe kesho? Hapana. Mwanaume mwenye ngiri ndogo ya kinena isiyomsumbua anaweza kukubaliana na daktari wake waiangalie kwa muda. Lakini hayo ni makubaliano baada ya kupimwa. Kuificha ni kitu kingine. Ikikuuma, ikikua, au ikikuzuia kazi, panga upasuaji. Mwanamke mwenye uvimbe wa kinena asisubiri, kwa sababu ngiri ya kinamama katika eneo hilo hunyonga utumbo kwa urahisi zaidi. Mtoto mchanga mwenye ngiri ya kinena apelekwe mapema. Ya kitovu kwa mtoto mdogo, mara nyingi hujifunga yenyewe anapokua, ingawa naye aonwe na daktari.

Mdogo mtu alivyopona

Yule ndugu mdogo alichagua siku yake. Alichagua baada ya mavuno, akamwambia mkewe, akatafuta kijana wa kumsaidia shamba. Alipimwa damu na presha. Alikuwa na kikohozi cha sigara, tukamwomba aache kwanza, kwa kuwa kikohozi huvuta mshono. Mwanaume mwenye umri mkubwa anayejikamua kukojoa huwa tunamwangalia pia tezi dume kabla ya kumpasua, kwa sababu hiyo hiyo.

Alipewa ganzi ya mgongo, akawa macho muda wote. Jioni hiyo hiyo alisimama na kutembea hatua chache. Kesho yake alikwenda nyumbani.

Siku tatu za kwanza ziliuma, hasa akikohoa au akiinuka kitandani. Nilimfundisha kukandamiza mshono kwa kiganja kabla ya kukohoa, na kugeuka ubavu kabla ya kuamka. Alimeza dawa za maumivu kwa saa alizopangiwa, bila kusubiri yamzidi. Siku ya nne alipiga simu kwa hofu, korodani imevimba kidogo na ngozi imekuwa ya zambarau. Hiyo hutokea mara nyingi, ni damu kidogo iliyoteremka, na huisha. Alikula papai na mboga, akanywa maji mengi, ili choo kisiwe kigumu.

Wiki ya pili alitembea mpaka msikitini na kufanya kazi nyepesi. Gunia, jembe, ndoo ya maji na baiskeli yenye mzigo aliviacha kwa wiki sita. Mke wake alinieleza kuwa kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumzuia asinyanyue. Ganzi kidogo karibu na kovu ilibaki kwa miezi, jambo la kawaida.

Sitakuficha hatari zake. Mshono unaweza kupata usaha. Kwa wachache ngiri hurudi, na wachache hubaki na maumivu ya muda mrefu. Ukipata homa, usaha, mshono kufunguka, uvimbe unaozidi au kushindwa kukojoa, rudi hospitali mara moja. Lakini hatari za upasuaji uliopangwa ni ndogo sana ukilinganisha na za ule wa usiku, utumbo ukiwa tayari umeoza. Ndugu mkubwa na ndugu mdogo walikuwa na ugonjwa mmoja. Tofauti yao ni nani aliyechagua siku, mtu au ugonjwa.

Ya kushika

Ukiwa na ngiri, kisha uvimbe ukawa mgumu, unauma, haurudi ndani, unatapika, tumbo linajaa au hupati hata hewa ya kutoka, hiyo ni dharura. Usiusukume kwa nguvu, usile, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali.

Ukitokwa damu haja kubwa, usijiandikie bawasiri. Bawasiri nyingi hutibiwa bila kisu, kwa kulainisha choo na dawa. Lakini damu hiyo hiyo inaweza kutokana na kichocho au saratani ya utumbo, hasa umri ukishasogea. Kipimo ndicho kitakachosema.

Na wewe mzee wangu unayeona haya kwa kuwa daktari ni mwanamke, sema. Hospitalini wapo wauguzi na madaktari wanaume, na kuomba mmoja wao si kumkosea mtu heshima. Hata mimi hutaniudhi. Wewe uliyekaa na mzee wa namna hiyo nyumbani, unayemwona akitembea huku ameshika kinena, akiacha ghafla kubeba alichokuwa akibeba, mwulize kwa upole mkiwa wawili. Wakati mwingine mtu anasubiri aulizwe tu.

Livingstone alipata nafasi mbili, moja Edinburgh na moja Ujiji, na zote hazikurudi tena. Yako inaweza kuwa kliniki ya wiki hii. Ukiingia, usianze na kichwa.

Tukutane wiki ijayo.